Uzamivu katika usalama wa kompyuta wa ngazi ya chini

Uzamivu katika usalama wa kompyuta wa ngazi ya chini ni masomo ya shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, yaani PhD, ambayo mwanafunzi wake huchunguza udhaifu na ulinzi wa kompyuta pale programu inapokutana na mashine yenyewe: kwenye kumbukumbu, kwenye prosesa, kwenye kiini cha mfumo endeshi na kwenye programu zinazowekwa ndani ya vifaa tangu kiwandani. Katika nchi nyingi masomo hayo hutolewa kama nafasi yenye ufadhili. Mtafiti halipi ada, na hupewa posho au mshahara kwa muda wa miaka mitatu hadi sita.

Nafasi nyingi za namna hiyo ziko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Nchini Tanzania vyuo kadhaa hufundisha usalama wa mtandao, lakini uchunguzi wa ngazi ya chini bado una watu wachache. Hali hiyo ina uzito kwa wakazi wa mikoa kama Kagera, ambako fedha, umeme na mawasiliano ya watu wa Bukoba na Muleba hupita kila siku ndani ya vifaa vidogo vilivyotengenezwa na kukaguliwa mbali na hapo, kama vimekaguliwa.

Maana ya ngazi ya chini

Neno "chini" hapa halina maana ya duni. Kompyuta hupangwa kwa tabaka. Juu kabisa ipo programu anayoiona mtumiaji, kwa mfano ile ya kutuma pesa kwa simu. Chini yake upo mfumo endeshi, na ndani ya mfumo huo kipo kiini kinachogawa kumbukumbu na muda wa prosesa kwa programu zote. Chini zaidi zipo programu za kuwashia kifaa, na mwisho maunzi yenyewe. Mwizi aliyefika tabaka la chini hahitaji kuvunja nywila ya tabaka la juu, kwa sababu kila kitu cha juu hupita mikononi mwake.

Sehemu kubwa ya tabaka hizo imeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa mdogo wake C++. Lugha ya C ni nyepesi na ya haraka, lakini haikagui kama data inayoingizwa inatosha mahali palipotengwa. Mkulima wa kahawa akimimina kilo 70 katika gunia la kilo 60, zinazozidi humwagika sakafuni naye huziona. Katika C zinazozidi humwagika ndani ya gunia la jirani, na hakuna anayepiga kelele. Kosa hilo huitwa kufurika kwa bafa. Ikiwa "gunia la jirani" ndilo linalohifadhi anwani ya hatua inayofuata ya programu, mshambuliaji anaweza kuandika humo anwani aipendayo, na mashine itamtii.

Makosa ya jamaa hiyo huitwa kwa pamoja makosa ya usalama wa kumbukumbu. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu inaourekebisha kila mwaka katika bidhaa zake unatokana nayo. Mwaka uliofuata Google ilitoa kiwango kama hicho kwa udhaifu mkubwa wa kivinjari cha Chrome.

Mfano wa mita za LUKU

Watanzania wengi walikutana na ngazi ya chini bila kuijua katika mwaka 2024, walipotakiwa na TANESCO kuingiza namba za ziada kwenye mita zao za LUKU kabla ya tarehe 24 Novemba. Wateja wa Bukoba na Muleba walikuwa miongoni mwao, ingawa umeme wao wenyewe kwa miaka mingi umetoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka.

Mita hizo hufuata mtindo wa kimataifa wa malipo ya kabla uliobuniwa Afrika Kusini. Namba 20 anazopewa mteja ni ujumbe uliofichwa kwa ufunguo ambao mita inao ndani yake. Ujumbe huo hubeba kiasi cha umeme na pia alama ya wakati namba ilipotolewa. Mita hukumbuka alama za namba zilizokwisha kutumika ili mtu asiingize namba moja mara mbili. Wabunifu waliitengea alama hiyo nafasi ya biti 24 tu, na wakahesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Ukihesabu mbele kutoka mwaka 1993 unafika jioni ya tarehe 24 Novemba 2024, na hapo hesabu inarudi sifuri. Baada ya hapo namba mpya zingeonekana kuwa za zamani kuliko zote, na mita ingezikataa.

Suluhisho lilikuwa kubadilisha ufunguo wa kila mita na kuhamisha mwanzo wa hesabu. Ndiyo sababu mteja alipata makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuiandaa mita, la tatu la umeme alionunua. Duniani kote kazi hiyo iligusa mamilioni ya mita, na ilitokana na uamuzi mmoja mdogo kuhusu ukubwa wa nafasi katika kumbukumbu. Haikuwa shambulio la wadukuzi. Hata hivyo inaonyesha vizuri aina ya maswali yanayoulizwa na mtafiti wa ngazi ya chini: nafasi iliyotengwa ni kiasi gani, nini hutokea ikijaa, ufunguo unakaa wapi, na nani anaweza kuubadilisha.

Historia

Hatari ya kufurika kwa bafa ilielezwa mapema, katika ripoti ya James P. Anderson kwa Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1972. Watu wachache waliijali hadi tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa uzamili na uzamivu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, alipoachia mtandaoni programu iliyojisambaza yenyewe. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kufurisha bafa katika programu iliyoitwa fingerd. Inakadiriwa kwamba kompyuta 6,000 ziliathirika, katika intaneti ya wakati ule yenye takriban 60,000. Morris alihukumiwa na mahakama. Baadaye alimaliza uzamivu wake Harvard na kuwa profesa wa MIT.

Kuanzia hapo historia ya taaluma ni ya kufukuzana. Mwaka 1996 makala iliyosambaa sana katika gazeti la wadukuzi la Phrack ilieleza hatua kwa hatua namna ya kutumia kosa hilo. Mwaka 1998 watafiti walitoa StackGuard, iliyoweka thamani ya siri mbele ya anwani ya kurudi ili kugundua kama imeguswa. Mwaka 2001 mradi wa PaX ulianza kuchanganya anwani za kumbukumbu ili mshambuliaji asizikisie. Prosesa nazo zikapewa uwezo wa kukataa kutekeleza data kama amri. Mwaka 2007 Hovav Shacham alionyesha kwamba hata kinga hiyo hupitika: mshambuliaji anaweza kuokota vipande vya amri halali ambavyo tayari vimo ndani ya programu na kuviunganisha kuwa programu yake mwenyewe, bila kuleta kipande kimoja cha nje.

Miaka ya 2010 uchunguzi ulishuka hadi kwenye maunzi. Mwaka 2014 kundi la Yoongu Kim, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Carnegie Mellon, lilionyesha kwamba kusoma mstari mmoja wa chipu ya kumbukumbu mara nyingi mfululizo kunaweza kugeuza biti katika mstari wa jirani. Jambo hilo lilipewa jina la Rowhammer. Mwaka 2016 watafiti wa Vrije Universiteit Amsterdam na wenzao walilitumia kupata mamlaka yote juu ya simu za Android, bila kutegemea kosa lolote la programu. Tarehe 3 Januari 2018 zikatangazwa Meltdown na Spectre, aina mbili za mianya iliyotokana na tabia ya prosesa kukisia kazi inayofuata na kuianza kabla ya kuambiwa. Prosesa ikikosea hufuta matokeo, lakini nyayo zake hubaki katika kumbukumbu ya haraka, na nyayo hizo zinaweza kupimwa kwa saa.

Mianya hiyo iligunduliwa na zaidi ya kundi moja. Jann Horn wa Google alikuwa wa kwanza kuwaarifu watengenezaji, Juni 2017. Kundi lingine lilikuwa la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, ambako Moritz Lipp na Michael Schwarz walikuwa bado wanafunzi wa uzamivu. Kampuni zilizoajiri maelfu ya wahandisi zilikuwa zimeuza prosesa hizo kwa miaka zaidi ya ishirini. Ukweli huo ndio unaoeleza kwa nini vyuo na serikali hukubali kumlipa kijana miaka minne akikaa na swali moja ambalo kiwanda hakina muda nalo.

Upande wa ulinzi, njia mbili zinavuta watafiti wengi sasa. Ya kwanza ni lugha ya Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare na kukuzwa na Mozilla. Toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, na tangu Desemba 2022 inakubaliwa katika kiini cha Linux. Kompaila yake hukataa sehemu kubwa ya makosa ya kumbukumbu kabla programu haijaanza kufanya kazi. Ya pili ni CHERI, mradi wa Chuo Kikuu cha Cambridge na SRI International ulioanza mwaka 2010, ambao huipa prosesa yenyewe jukumu la kujua kila kielekezi kinaruhusiwa kugusa wapi. Kampuni ya Arm ilitoa bodi za majaribio za muundo huo, zilizoitwa Morello, Januari 2022.

Nafasi zenye ufadhili

Mtindo wa ufadhili hutofautiana sana baina ya nchi, na mwombaji asiyejua tofauti hizo hupoteza muda mwingi. Ujerumani, Uholanzi, Austria, Uswisi na Sweden mtafiti wa uzamivu katika fani hii kwa kawaida huajiriwa. Ana mkataba, mshahara unaokatwa kodi na likizo, na nafasi hutangazwa kama kazi nyingine. Uraia mara nyingi si kigezo. Mwombaji humwandikia profesa au kundi la utafiti, wala si ofisi ya udahili. Miongoni mwa makundi yanayojulikana ni kituo cha CISPA mjini Saarbrücken, Taasisi ya Max Planck ya Usalama na Faragha mjini Bochum, kundi la VUSec mjini Amsterdam na lile la Graz.

Uingereza hutoa posho isiyokatwa kodi, ambayo kima chake cha chini kwa wanaofadhiliwa na UKRI kilikuwa pauni 20,780 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Tangu 2021 nafasi za UKRI zimefunguliwa pia kwa wageni, lakini wasizidi asilimia 30 ya wanaopokelewa. Kwa hiyo Mtanzania hushindania fungu dogo. Njia nyingine ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao una nafasi za uzamivu kwa nchi zenye maendeleo madogo, Tanzania ikiwemo. Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza. Masomo huchukua miaka mitano au sita, na malipo hutokana na kusaidia kufundisha au kusaidia utafiti.

Tangazo la nafasi ya ngazi ya chini kwa kawaida hudai vitu vichache lakini vigumu: ujuzi wa C na lugha ya asembli, uelewa wa mifumo endeshi na muundo wa prosesa, na ushahidi wa kazi iliyofanywa. Ushahidi huo ndio huamua. Tasnifu ya uzamili ni nzuri, lakini marekebisho yaliyokubaliwa katika mradi wa chanzo huria, ripoti ya udhaifu uliotolewa taarifa kwa utaratibu, au rekodi katika mashindano ya kutegua mafumbo ya usalama husomwa kwa makini zaidi ya wastani wa alama. Barua ya maombi inayosema tu kwamba mwombaji "anapenda sana kompyuta" haifiki mbali.

Nafasi ya kweli haidai malipo ya kushika kiti. Vyuo vingine huwa na ada ndogo ya maombi, hasa Marekani, inayolipwa kwa chuo chenyewe. Wakala anayetaka pesa kwa simu ili "kuharakisha" ufadhili ni tapeli, hata akiwa na barua yenye nembo.

Hali nchini Tanzania

Uzamivu ni ngazi ya 10, ya juu kabisa, katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unaosimamiwa na TCU. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha fani za kompyuta katika ndaki yake ya TEHAMA iliyopo Kijitonyama, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya kwanza ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, hutoa uzamili na uzamivu tu. Ndani yake kuna kituo cha umahiri cha TEHAMA cha Afrika Mashariki, kinachojulikana kama CENIT@EA, kilichoanzishwa kwa ufadhili wa Ujerumani. Shahada yake ya uzamili ya mifumo pachikwa na ya simu ndiyo pengine iliyo karibu zaidi na ngazi ya chini kati ya zote zilizotajwa hapa, kwa kuwa mwanafunzi hushika bodi na chipu mkononi.

Mradi wa HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, umegharamia pia masomo ya uzamili na uzamivu ya wahadhiri wa vyuo vya umma. Kwa mhitimu asiye mwajiriwa wa chuo, milango ya ndani ni michache. Mikopo ya elimu ya juu imeelekezwa zaidi kwenye shahada ya kwanza, na vilevile ufadhili wa Samia Scholarship ulipoanza mwaka 2022/2023 ulilenga wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri katika sayansi.

Mtafiti wa fani hii anapaswa kuijua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, hata kama aliyeingia alitaka kuonyesha mwanya tu. Kinachofanyika kwa usalama ni kupima kifaa cha mtafiti mwenyewe katika maabara, kisha kumjulisha mtengenezaji kwa siri na kumpa muda wa kurekebisha kabla ya kutangaza. Meltdown ilifichwa hivyo kwa takriban miezi sita. Nchini, kitengo cha TZ-CERT kilicho chini ya TCRA hupokea taarifa za matukio ya usalama wa kompyuta.

Bukoba na Muleba

Wilaya za Bukoba na Muleba ziko magharibi mwa Ziwa Viktoria. Kampala na Kigali ziko karibu nazo kuliko Dar es Salaam, jambo ambalo mwombaji wa masomo hulikumbuka mara chache. Kigali kuna tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lililoanzishwa mwaka 2011, linalotoa shahada za uzamili na lenye mradi wa utafiti wa usalama wa mtandao uitwao CyLab-Africa. Ni kituo kizuri cha kupitia kabla ya uzamivu.

Utafiti wa uzamivu si mgeni katika eneo hili, ila umeelekea zaidi kwenye kilimo, afya, historia na lugha. Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba aliyekuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa UN-Habitat, alipata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, Uppsala, kwa utafiti wa uchumi wa mashamba madogo ya migomba na kahawa ya mkoa wa Kagera. Alikwenda mbali na swali la nyumbani. Muleba pia ndiko lilikofanyika jaribio kubwa la vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu. Matokeo yake, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018, yaliwasaidia WHO kubadilisha ushauri wake kuhusu vyandarua.

Katika usalama wa kompyuta swali la nyumbani lipo pia. Simu nyingi zinazotumika vijijini ni za bei nafuu, na nyingi huacha kupata masasisho mapema au haziyapati kabisa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba simu za bei nafuu zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na programu hasidi iliyokuwamo tangu kabla ya kufika mikononi mwa wanunuzi. Mwaka 2013 Karsten Nohl, mtafiti wa Ujerumani, alionyesha kwamba baadhi ya laini za simu zilizokuwa zikitumia usimbaji wa kale ziliweza kutekwa kwa ujumbe mfupi usioonekana na mwenye simu. Laini ndiyo benki ya muuza dagaa wa Kemondo na ya mkulima wa Kamachumu. Uchunguzi wa vifaa kama hivyo hufanyika kwa nadra katika nchi vinakotumika zaidi.

Kwa upande wa taasisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujenga kampasi ya Kagera katika Wilaya ya Bukoba kupitia HEET, na Chuo Kikuu Huria kina kituo mjini Bukoba. Shule kama Ihungo, iliyojengwa upya baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, zina sifa ya zamani katika masomo ya sayansi. Kinachokosekana ni msimamizi wa utafiti aliye karibu, na mazoea ya kushuka chini ya programu za ofisini ambazo ndizo hufundishwa kwanza katika somo la kompyuta.

Vifaa vya kujifunzia kwa bahati si ghali. Kompyuta iliyotumika yenye Linux inatosha kwa lugha ya C, asembli na kiini cha mfumo endeshi, kwa kuwa msimbo wa Linux wote uko wazi na unaweza kusomwa mstari kwa mstari. Programu huria ya QEMU huiga prosesa za aina nyingine, zikiwemo za simu, hivyo mwanafunzi anaweza kuharibu na kujenga upya mashine ambayo haipo mezani. Masomo ya bure ya pwn.college, yaliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, humpitisha mwanafunzi kutoka amri za kwanza za Linux hadi kushambulia na kulinda kiini. Masomo hayo yanahitaji intaneti muda wote. QEMU na msimbo wa Linux vikishapakuliwa mara moja mjini Bukoba, vinaweza kuendelea kutumika kijijini bila mtandao.